Kamari: Je, Fedha Yake Yaweza Kujenga Msikiti?



Somo letu la mwezi huu limetokana na bahasha. Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba, baada ya sala, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kyerwa, alinifuata kijana ambaye hakuwa ametimiza mwaka mmoja katika Uislamu. Alinipa bahasha yenye shilingi 150,000 akasema, "Sheikh, hizi ni za mabati ya msikiti. Nimeshinda." Nilipomwuliza ameshinda nini, akanieleza kwamba aliweka dau kwa simu katika mbio za farasi zilizofanyika Australia, na farasi aliyemchagua akatokea wa kwanza.

Sitakuficha, msomaji. Msikiti wetu ulikuwa umeezekwa nusu tu, na mvua za vuli zilikuwa zikinyesha juu ya mikeka yetu. Mkono wangu ulikwisha kuipokea bahasha ile kabla moyo haujanena. Kisha nikairudisha, nikamwambia kwa kifupi kwamba hiyo ni kamari na kamari ni haramu. Kijana akaondoka amekunja uso, kwani alikuja kutoa akaona amefukuzwa. Neno "haramu" peke yake halikuwa jibu la kumtosha mtu mwenye nia njema. Basi leo nataka kulitoa jibu lile kwa ukamilifu, kwake na kwa kila anayeutafuta ukweli.

MBIO ZENYEWE

Mbio alizozisema kijana huitwa Melbourne Cup. Hukimbiwa kila Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Novemba katika uwanja wa Flemington, mjini Melbourne, kwa masafa ya mita 3,200. Siku hiyo katika mji ule ni sikukuu. Zilikimbiwa mara ya kwanza tarehe 7 Novemba 1861, akashinda farasi aliyeitwa Archer. Naye akashinda tena mwaka 1862. Mwezi ule ule wa Novemba 1861, wasafiri Speke na Grant walikuwa wakipokewa hapa Karagwe na Mukama Rumanyika. Wakati huo hakuna mtu wa Karagwe aliyejua habari za Flemington, wala mtu wa Flemington aliyejua habari za Karagwe.

Nchi yetu yenye mbung'o haikuwa nchi ya farasi. Atakaye kuwaona wakishindana inampasa asafiri hadi Ngong, mjini Nairobi. Lakini simu imeuondoa umbali. Kijana aliyekaa chini ya mgomba huko Nkwenda au Kaisho aweza leo kuweka dau juu ya mnyama ambaye hajapata kumgusa. Na liko jambo la ajabu zaidi. Katika vibanda vya kubeti vya Afrika Mashariki huonyeshwa mbio za farasi na za mbwa ambao hawapo kabisa duniani. Ni picha zilizotengenezwa na kompyuta. Farasi hao hawali majani wala hawachoki, nao hukimbia tena kila baada ya dakika chache. Kitu pekee cha kweli katika mbio hizo ni fedha inayotoka mfukoni mwa mtazamaji.

JE, UISLAMU UNACHUKIA MBIO ZA FARASI?

La, hauchukii hata kidogo. Imepokewa kwa Abdullah bin Umar, katika Sahihi Bukhari, kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alishindanisha farasi waliozoezwa kutoka Al-Hafya hadi Thaniyatul Wadaa, na wale wasiozoezwa kutoka Thaniyatul Wadaa hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Mtume s.a.w. pia alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Siku moja alikuja bedui juu ya ngamia wake kijana, akampita. Waislamu wakahuzunika. Mtume s.a.w. akawafundisha kwamba ni kawaida ya Mwenyezi Mungu kukishusha kila kinachopanda juu hapa duniani. Tazama, ndugu, uzuri wa mafundisho haya. Palikuwa na mashindano, palikuwa na kushinda na kushindwa, lakini hapakuwa na mtu aliyerudi nyumbani akiwa amepoteza chakula cha watoto wake.

Wanazuoni wa sheria wameeleza kwamba mtawala, au mtu mwingine asiyeshindana, aweza kutoa zawadi kwa mshindi. Lililokatazwa ni kila mmoja kuweka mali yake ili atakayeshinda achukue ya aliyeshindwa. Katika Musnad ya Imam Ahmad imepokewa kwa Abdullah bin Masud Hadithi inayogawa farasi mafungu matatu: wa Mwenyezi Mungu, wa mwanadamu na wa shetani, na yule wa shetani ni yule anayechezewa kamari. Kosa si la farasi, wala mbio si kosa. Kosa ni dau.

MAANA YA MAISIR

Neno la Kiarabu lililotumika katika Kurani Tukufu kwa kamari ni maisir. Wataalamu wa lugha hulihusisha na neno yusr, yaani wepesi, kwa kuwa ni mali inayotafutwa kwa wepesi, bila kazi wala jasho.

Waarabu wa zamani waliicheza hivi. Walimnunua ngamia kwa mkopo wakamchinja. Kisha wakaweka mishale kumi katika mfuko. Mishale saba ilikuwa na mafungu, kuanzia fungu moja hadi mafungu saba. Mitatu haikuwa na kitu. Mtu mmoja aliitoa mishale hiyo, kila mmoja kwa jina la mchezaji. Aliyetokewa na mshale wenye fungu alipata nyama. Na waliotokewa na mishale mitupu ndio waliolipa bei ya ngamia mzima.

Sasa sikiliza vizuri, kwa kuwa hapa ndipo lilipo jibu la bahasha ile. Washindi wengi hawakuila nyama hiyo. Waliwagawia maskini, hasa nyakati za baridi na njaa, wakajivunia ukarimu huo. Asiyeshiriki walimwita bahili. Kwa hiyo, maisir ya Waarabu ilikuwa na sura ya sadaka, kama vile kijana wetu alivyotaka kuipa kamari yake sura ya mabati.

Mwenyezi Mungu hakuinyamazia hoja hiyo. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 220 (ni ya 219 katika misahafu isiyoihesabu Bismillahi), ameeleza kwamba katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa na pia mna manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Uislamu hauogopi kukiri kwamba maskini alipata nyama. Lakini wauliza: Nyama hiyo imelipiwa na nani? Na aliyeilipia amekwenda kulala katika hali gani? Kisha katika Sura Al-Maida, aya ya 91 na 92, likaja katazo kamili, na kamari ikatajwa pamoja na ulevi na masanamu kuwa ni uchafu wa kazi ya shetani.

Tena jambo hili lilitiliwa mkazo hata katika ulimi. Imepokewa kwa Abu Huraira, katika Bukhari na Muslim, kwamba mtu akimwambia tu mwenzake waje wacheze kamari, yampasa atoe sadaka. Ikiwa neno tupu lahitaji sadaka ya kulisafisha, itakuwaje kamari yenyewe iwe ndiyo sadaka?

HESABU ISIYODANGANYA

Yawezekana msomaji asiyekuwa Mwislamu atasema, "Mimi siifuati Kurani. Nionyeshe kwa akili." Vema, tuchukue kalamu.

Katika mbio za farasi ulienea utaratibu wa kukusanya madau yote katika kapu moja, kisha kuwagawia walioshinda. Mwaka 1913, katika uwanja wa Ellerslie huko Auckland, New Zealand, ilifungwa mashine kubwa ya kwanza ya kufanya hesabu hiyo, iliyobuniwa na mhandisi George Julius. Lakini kabla ya kugawa, mwenye kapu huondoa sehemu yake. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba huondoa shilingi 15 katika kila shilingi 100. Vijana 100 wa Omurushaka wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja, kapu lina shilingi 100,000. Zinarudi kwao 85,000. Wakiziweka zote tena, zinarudi 72,250. Baada ya mizunguko mitano wanabaki na kama shilingi 44,000. Baada ya mizunguko kumi, hazifiki hata 20,000. Mmoja wao aweza kuwa amecheka siku moja, lakini kijiji kizima kimekuwa maskini.

Hali ni hiyo hiyo katika kubeti mpira. Vijana hupanga mechi nyingi pamoja na kuziita "mkeka". Ole wetu! Kwa wazee wetu mkeka ulikuwa kitu cha kumkalisha mgeni na kusalia juu yake. Tuseme kijana ni hodari, na katika kila mechi ana nafasi saba kati ya kumi za kukisia sawasawa. Akipanga mechi kumi, nafasi ya zote kumi kutimia haifikii mara tatu katika mia. Mara tisini na saba mkeka wake utachanika. Naye husema, "Nimekosa mechi moja tu." Neno hilo "moja tu" ndilo linalomrudisha kesho.

UADUI NA CHUKI

Aya ya Sura Al-Maida inataja sababu mbili za katazo: shetani hutaka kwa kamari kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mungu na wasisali.

Ushahidi wa sababu ya kwanza umo katika historia ya mbio zile zile za Melbourne. Mwaka 1930 alikuwapo farasi mashuhuri aitwaye Phar Lap, ambaye watu wengi walimwekea dau. Kama angeshinda, wapo ambao wangepata hasara kubwa. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1930, alipokuwa akirudishwa kutoka mazoezini, watu waliokuwa ndani ya gari walimpiga risasi. Walimkosa. Akashinda mbio siku hiyo hiyo, na tarehe 4 Novemba akalitwaa Kombe. Ewe msomaji, mnyama huyo hakumkosea mtu. Alilengwa risasi kwa sababu alijua kukimbia. Mali ya mtu ikitegemea kushindwa kwa mwingine, hata uzuri wa kiumbe cha Mungu huwa adui yake.

Katika wilaya zetu hakuna anayempiga farasi risasi. Uadui wetu huingia kwa mlango mwingine, nao ni butura. Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wanaijua sana: mtu huuza kahawa ikiwa ingali mtini, pengine ikiwa bado maua, kwa bei ya chini, kwa sababu ana haja ya fedha leo. Serikali imeikataza mara nyingi. Mtume s.a.w. aliikataza namna hiyo ya biashara zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, aliposema matunda yasiuzwe mpaka ubora wake uonekane. Akauliza, Mungu akiyazuia matunda yale, mtu ataichukuaje mali ya ndugu yake? Sasa mwana akiuza maua ya kahawa ya babaye kwa siri ili apate dau, siku ya mavuno baba na mwana wataangaliana kwa macho gani? Mfanyabiashara atakuja na magunia yake, na mama atauliza ada ya shule iko wapi.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mkulima naye hubahatisha, kwani hajui kama mvua itanyesha. Yuko tofauti gani na mcheza kamari?

Jibu: Mkulima hufanya kazi, kisha humtegemea Mungu. Akipata, dunia imeongezeka kahawa na ndizi, na hakuna jirani aliyepungukiwa kwa sababu yake. Mcheza kamari haongezi hata punje moja duniani. Kila shilingi anayoipata imetoka kwa mwenzake aliyekuwa akiomba kama yeye.

Swali: Mitume wa zamani walipiga kura. Je, hiyo si kamari?

Jibu: La. Kurani Tukufu yataja kura katika habari za Nabii Yunus a.s. na katika habari za ulezi wa Mariamu. Mtume wetu s.a.w. alipotaka kusafiri alipiga kura kujua yupi kati ya wakeze atafuatana naye. Katika Biblia pia, Matendo ya Mitume mlango wa 1, wanafunzi wa Yesu walipiga kura kumchagua mtu wa kukishika cheo cha Yuda. Katika kura hizo zote hakuna aliyeweka mali yake ili achukue ya mwenzake. Ni njia ya kukata shauri palipo na haki sawa. Lakini yako mambo mengine ya kura ambayo msomaji Mkristo ayatafakari. Mathayo mlango wa 27 unasimulia kwamba askari waliyagawana mavazi ya Yesu kwa kura, naye yuko pale pale juu ya msalaba. Aliyetamani mali ya bure hakumwona mwenye mateso, aliona nguo tu.

Swali: Serikali imeruhusu. Kwa nini dini ikataze?

Jibu: Tanzania inayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi ya kuisimamia, nayo haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kucheza. Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Uganda, sheria ya mwaka 2016 iliweka umri wa miaka 25. Sisi twaheshimu sheria za nchi. Lakini kuruhusu si kuamrisha. Hakuna askari atakayekuja nyumbani kwako kukulazimisha kubeti. Na jiulize: ikiwa watunga sheria wameona yafaa kumkinga kijana wa miaka 17, au hata wa miaka 24, je, wamemkinga na kitu cha heri?

Swali: Nimekwisha shinda. Nifanye nini na fedha hiyo?

Jibu: Kwanza, tubu na uache. Pili, ukiwajua wenye mali, warudishie. Tatu, usipowajua, wanazuoni wengi wamesema iondoe mikononi mwako kwa kuwapa wenye shida, bila kujihesabia thawabu ya sadaka, kwa kuwa mtu hatoi sadaka mali isiyo yake. Wala usiilete msikitini. Mtume s.a.w. amefundisha kwamba Mwenyezi Mungu ni safi na hapokei ila kilicho safi. Nyumba yake yaweza kungojea mabati. Haiwezi kuezekwa kwa hasara ya watu.

MWISHO WA HABARI YA BAHASHA

Baada ya majuma mawili nilimwendea kijana yule nyumbani kwake, kwa sababu niliona nimemwonyesha mlango bila kumwonyesha njia. Tulikaa nje, tukachukua daftari. Nilimwomba aandike kila dau aliloweka kwa miezi kumi na kila alichopata, kwa kutazama kumbukumbu za simu yake. Jumla ya madau ilikuwa shilingi 860,000. Jumla ya alichopata, pamoja na ushindi wa farasi wa Australia, ilikuwa shilingi 520,000. Akahesabu mara ya pili, kisha ya tatu. Huyu ndiye aliyeniambia, "Nimeshinda." Alikuwa amepoteza shilingi 340,000, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya butura: alikwisha uza kahawa ya msimu uliokuwa ukija.

Hakulia wala hakuapa mbele yangu. Alisema tu, "Sheikh, farasi yule sikupata hata kumwona." Siku iliyofuata fedha ya bahasha ilikwenda kumlipia matibabu mgonjwa asiyekuwa na ndugu, na jina la mtoaji halikutajwa. Kahawa ya msimu ule ilichukuliwa na mfanyabiashara kama walivyopatana, na kijana akapalilia mashamba ya watu ili mdogo wake asifukuzwe shule. Sikuweza kumwondolea matokeo hayo, wala somo hili haliwezi.

Lakini Ijumaa moja alikuja tena na mkungu wa ndizi kichwani, alioulima mwenyewe. Tuliuuza mlangoni pa msikiti kwa shilingi elfu chache. Nikazipokea kwa mikono miwili.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe nawe unayo daftari kama lile ambalo bado hujaliandika, liandike leo, wewe na nafsi yako na Mola wako. Utakuta njia ya kurudi ipo wazi, kwani Mwenyezi Mungu ni Mwenye kupokea toba.

Mwenyezi Mungu atujalie riziki ya halali, hata kama ni kidogo, na atukinge na kila mali inayomfurahisha mmoja kwa kumliza mwingine. Amin.